Mupima Joto wa Shirika Letu

Wa kwanza kupoteza uso alikuwa padiri. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, mahali pangu pa siku zote, nikimtazama akiinua kikombe. Kanzu niliiona. Mikono niliiona. Hata nzi aliyekuwa akitembea pembeni ya altare nilimwona vizuri kabisa. Lakini pale juu ya kola, mahali uso unapopaswa kukaa, palikuwa na doa la kijivu, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kichafu. Nikafikiri ni moshi wa ubani. Jumapili iliyofuata hapakuwa na ubani, na padiri bado hakuwa na uso.

Nilikuwa na miaka sitini na nane wakati huo. Nilikuwa nimestaafu kazi ya udeklaran, yaani kuandika makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka, katika ofisi moja ndogo ambayo yenyewe imeshafungwa. Miaka thelathini nilipiga muhuri wa “vu” kuthibitisha kwamba nimeona mizigo ambayo sikufungua hata gunia lake moja. Mutu akisema ni chumvi, ilikuwa chumvi. Nilikuwa na heshima kubwa mjini kwa kazi hiyo, na sikuwa na nia yoyote ya kuwa mgonjwa. Katika ukoo wetu wa Butembo watu hawaugui. Wanafanya kazi mpaka siku ya kufa, na siku hiyo yenyewe wanapitia kwanza shambani.

Hata hivyo nilienda kumwona daktari wa macho kule Himbi, mtaa mwingine wa mji wetu wa Goma. Mke wangu nilimwambia ninaenda kumsalimia rafiki wa kazini. Daktari alikuwa dada kijana wa upande wa Bukavu, wa umri wa kitinda mimba wangu. Alinitia dawa machoni, akaniwekea mbele karatasi yenye mistari kama daftari la hesabu, akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia mistari ya pembeni imenyooka, ya katikati imepinda kama barabara ya Sake.

“Papa, hii ni ugonjwa wa macho ya uzee,” aliniambia. “Nyuma ya jicho, katikati kabisa, kuna kidoa kidogo. Hicho njo kinasoma. Kinasoma sura za watu, herufi, namba. Yako inachakaa. Pembeni utaendelea kuona.”

“Kwa hiyo nitaona kila kitu isipokuwa kile ninachokitazama.”

“Njo vile, papa.”

Ulikuwa mwaka wa Korona, kwa hiyo hakuishia hapo. Alisema wale wanaochunguza mambo haya wameanza kuona kwamba wazee wenye ugonjwa huu wa macho, kile kirusi kikiwashika, mara nyingine kinawashika vibaya kuliko wenzao. Sababu hawajaijua vizuri. Inaonekana ni kinga ya mwili: askari wa mwili wako wana hasira, wanapiga hata mahali pasipo na adui. Nikamjibu kwamba askari wa namna hiyo tunawajua, tunaishi nao. Hakucheka.

“Usisimame katikati ya batu mingi,” alisema. “Vaa cache-nez, ufunike pua na kinywa. Na pale nyumbani, mutu akipata joto, ikuwe weye ao mama, musingoje kesho. Mwende siku ile ile. Na umuambie mama hii habari ya macho. Miye ninawajua ninyi Banande wa Butembo, hamutupake kitu, hata ugonjwa munaiwekaka akiba.”

Nikamwambia nitamwambia. Na nilikuwa na nia ya kweli, mpaka nilipofika kwenye geti.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Ningekuwa na sababu nzuri ningeiandika hapa kwa herufi kubwa. Ukweli ni kwamba muzee asiyeona anapewa kiti. Anakalishwa uani, anageuzwa kufuata jua kama sambaza, wale dagaa wa ziwani, wanaoanikwa, na watoto wanaletwa kumsalimia wakiambiwa waseme kwa sauti. Vijana wangu wangetoka Butembo na Kampala kuja kufanya mkutano juu yangu mbele yangu. Nilikuwa nimeona hayo yakifanyika kwa baba yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza mkutano.

Basi nikaanza kazi ya pili ya maisha yangu, kazi ya kujifanya ninaona. Msinicheke, kazi hiyo ina ufundi wake. Watu niliwajua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa namna wanavyoburuta kandambili juu ya mawe ya volkano. Yule nisiyemjua nilimfungulia mikono na kusema, “Ah, ni weye!” kisha nikangoja aseme neno nimtambue. Kwa namna hiyo niliwakumbatia kwa furaha kubwa watu wawili watatu ambao hatukuwa tumesalimiana tangu kesi ya kiwanja. Nilipotaka kuona uso wa mtu ilinibidi nitazame sikio lake, ndipo uso uje kwa pembeni. Kukawa na maneno mtaani kwamba siku hizi muzee deklaran anazungumza na watu akiwatazama kando, amekuwa na majivuno. Majivuno nikayakubali. Yalikuwa yananifaa.

Nyumbani ndiko kulikuwa rahisi. Watoto wote walikuwa wameshaondoka, uso ulikuwa mmoja tu, na huo nilikuwa nimeutazama miaka arobaini na miwili. Mke wangu ni mwanamke mrefu wa upande wa Bukavu, msema kweli, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya wamama. Siku akiwa na furaha, majirani walijua. Mimi nilikuwa msomaji wa somo la kwanza kanisani, na baada ya ugonjwa huu kuanza nilimwambia kila Jumamosi anisomee somo hilo kwa sauti, ati ninapenda kulisikia kwanza kutoka kinywani mwake. Alifurahi kuliko siku niliyomnunulia kikwembe, kitenge cha Kiholanzi. Alinisomea mara tatu, mara nne, nami nikalishika kichwani, na Jumapili nikasimama mbele ya kitabu nikilitoa lote, nikikumbuka kufunua ukurasa mahali pake.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Yeye alikuwa amenisomea mapema, kisha akaenda Bukavu kwenye kilio cha shangazi yake. Somo lilikuwa limebadilishwa kwa ajili ya sikukuu ya parokia, na hakuna aliyeniambia. Nikasimama nikatoa Isaya mzima mzima, wakati kitabu mbele yangu kilikuwa kimefunguliwa kwa nabii mwingine. Hakuna aliyesema kitu, si padiri, si katekista. Nikahitimisha kwamba katika kanisa letu hakuna anayemjua Isaya. Sisi Wakatoliki Agano la Kale tunamwachia padiri.

Kisha makanisa yakafungwa kwa miezi kwa sababu ya Korona, na baadaye yakafunguliwa tena kwa masharti. Watu wa riposte, wale wa kupambana na magonjwa, waliipa parokia mashine tatu za kupima joto, zile za kushikwa kama bastola na kulenga paji la uso. Sisi wa Goma mashine hizo tulizifahamu tangu Ebola. Kwenda mji wa Kiwanja ao kurudi, ulikuwa unashuka kwenye gari, unavua kofia, unatoa paji la uso na kungoja hukumu. Na hukumu tuliifahamu pia: mwenye joto anapandishwa gari jeupe, anapelekwa santre, kituo cha kutenga wagonjwa, majirani wote wanaona, na kesho yake hakuna anayenunua tena maharagwe kwa mke wake. Sasa sharti lilikuwa hivi: kila mlango wa kanisa uwe na mashine na mtu wa kuishika. Mwenye joto haingii, na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Pasipo mashine, kanisa linafungwa.

Shirika letu, yaani jumuiya yetu ya kusali ya mtaa, lilipewa mlango wa upande wa shule. Tulikutana katika ua wa jirani, viti vikiwa mbali mbali, kila pengo likiwa limepimwa na prezida wa shirika kwa mita ya fundi. Prezida ni mfanyabiashara wa maharagwe, analeta magari mazima kutoka Kiwanja, na hotuba zake ni ndefu kuliko magari hayo.

“Bapendwa,” alisema, “tunahitaji mupima joto. Mutu wa heshima. Mutu ambaye akikuambia rudia nyumbani, hautamuuliza yeye ni nani.”

“Muzee deklaran,” mama mmoja wa kwaya akasema.

“Njo yeye,” wakajibu wengine wote.

Hapo ningepaswa kushtuka. Shirika letu lilishatumia saa nzima kujadili nani alete chumvi ya sikukuu, na hapa nilikuwa nimechaguliwa kabla kuku hajamaliza kuvuka ua. Lakini sifa ni tamu. Nilikumbuka maneno ya daktari, usisimame katikati ya watu wengi. Niliyakumbuka vizuri sana, neno kwa neno, kisha nikasimama nikashukuru. Nilijiambia kwamba hatari ni yangu. Mapafu ni yangu, macho ni yangu, na mali yako unaitumia unavyotaka. Mke wangu alinipigia makofi kuliko wote.

Jumapili ya kwanza nilivaa gilet, kizibao cha rangi ya machungwa, na cache-nez aliyonishonea mke wangu. Sekretere wa parokia akanionyesha: unalenga, unabonyeza, inalia mara moja, namba inatokea kwenye kidirisha. Mashine ilikuwa imechakaa, ililia kwa sauti ileile kwa mwenye joto na asiye na joto. Nikamlenga wa kwanza, bibi mmoja wa fimbo. Ikalia. Nikatazama kidirisha na kukuta doa langu la kijivu limekikalia chote. Nikatazama pembeni ya kidirisha, juu yake, chini yake. Nilijua kuna namba pale kama unavyojua kuna mtu nyuma ya pazia. Foleni ilikuwa imefika barabarani.

“Trente-six cinq,” nikasema, yaani thelathini na sita nukta tano, joto la mtu mwenye afya. “Ingia, mama.”

Hakuna aliyebisha. Wa pili nikampa trente-six quatre, kwa kubadilisha. Wanene niliwapa trente-six sept, nukta saba, kwa sababu wanabeba mengi. Walimu wa shule niliwapa trente-six deux, nukta mbili tu, maana nilijua wanavyokula. Kufika Jumapili ya nne nilikuwa fundi kamili, namba zilitoka zenyewe, na sikuwahi kumpa mutu trente-sept, ile thelathini na saba inayoanza kutisha, hata siku moja. Niliona ni ukatili.

Daftari langu lilibaki jeupe. Mtu wa riposte alikuja kulikagua, akageuza kurasa zisizo na kitu, akanishika bega na kusema mlango wetu ni wa mfano. Mlango wa pili ulikuwa na mwalimu mmoja kijana mwenye macho mazuri, naye kila Jumapili alirudisha watu wanne, watano. Foleni yake ikawa fupi wiki baada ya wiki, na yangu ikawa ndefu. Nilidhani ni kwa sababu ya adabu yangu.

Mke wangu alipita kwangu kama wengine, akiinama kidogo kwa sababu ananizidi urefu.

“Unipime muzuri, papa, usinipendelee.”

“Trente-six cinq, mama. Weye ni wa siku zote.”

Alikuwa anacheka ndani ya cache-nez yake na kwenda kuimba. Nilikuwa ninamsikia kutoka mlangoni, juu ya sauti za wote, na nilikuwa ninajisikia mume wa mtu.

Jumapili ya nane alichelewa kuamka. Chai hakuimaliza. Alikaa pembeni ya kitanda, akifunga kitambaa cha kichwa polepole.

“Kichwa inagonga,” aliniambia. “Mifupa nayo. Labda ni malaria, labda ni ile ingine. Na miye sitaki kwenda ku santre bure, bataniweka na bagonjwa nichukue kule kitu ile sina. Tufanye hivi, papa. Nitapita kwako ku mulango. Mashini ikisema kuko feva, siingie, tunaenda ku munganga leo leo. Ikisema hapana, naenda kuimba.”

Aliweka jambo wazi namna hiyo. Hata mtoto angelielewa. Nikasema, “Sawa, mama.” Ningeweza kusema palepale, chumbani, pasipo shahidi. Nilivaa gilet.

Njiani alipumzika mara moja, ameshika ukuta wa mawe. Kwenye foleni alikuwa wa tisa, na nyuma yake, watu wawili tu, alisimama prezida akizungumza bei ya maharagwe. Zamu yake ilipofika aliinama. Nikalenga, ikalia. Nikageuza mashine kushoto, nikaigeuza kulia, nikaiinua kwenye mwanga kama mtu anayepima yai. Doa. Ndani ya doa kitu kilichezacheza. Nilihitaji kusema neno moja kwa yeyote aliyekuwa karibu: nisomee. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini nilisikia foleni imenyamaza, nikahisi wananitazama, na ulimi wangu, ambao ulikuwa umefanya mazoezi Jumapili saba, ulinitangulia.

“Trente-six cinq, mama. Ingia.”

“Aksanti, papa,” alisema, na nilisikia kweli kwamba amefarijika.

Aliimba. Katika wimbo wa Utukufu sauti yake ilikatika katikati ya mstari, ikarudi mstari uliofuata, ikakatika tena.

Mchana ule alilala. Niliweka mkono wangu juu ya paji la uso wake, na mkono wangu hauna ugonjwa wowote. Alikuwa anaungua. Niliuacha mkono pale muda mrefu, nikitafuta namna ya kusema “uko na joto” pasipo kusema kwamba asubuhi nilimdanganya. Namna hiyo haipo. Nikaondoa mkono.

“Pumzika,” nikamwambia.

“Ni kuchoka tu,” alijibu. “Mashini imesema sina kitu.”

Jumatatu alimeza vidonge vya malaria. Nilimsikia akimwambia jirani juu ya ukuta, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba feva hana, bwana yake amempima. Jumanne hakutoka kitandani, nikamletea uji, nikajisifu moyoni kwa uji ule. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio kitamfichua. Ugonjwa wangu mimi ulikuwa umefichwa vizuri, ila kilio kilikuwa kinaelekea kwa mtu mwingine, nami nilikuwa nakiona kikija. Kitu kile kilikuwa kikubwa, hakikuhitaji macho mazuri. Daktari alikuwa amesema musingoje kesho. Nilikuwa nimengoja kesho tatu.

Jumatano asubuhi alitaka kunionyesha mahali alipoweka makaa ya jiko. Alianza, “Makala iko…” akatafuta hewa, akaanza tena, na hakuufikia mwisho. Nilikimbia kwa jirani mwenye gari. Nilikimbia kweli, muzee wa miaka sitini na nane juu ya mawe, na sikujikwaa. Pembeni ninaona.

Kule santre, mtu mmoja aliyevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni alituuliza maswali. Ugonjwa umeanza lini? Jumapili. Mulipima joto? Mke wangu alikuwa amewekewa hewa puani, akalishika lile bomba kwa vidole viwili ili azungumze.

“Bwana yangu njo alipima,” alisema. “Trente-six cinq.”

“Basi mashini yenu ni mubovu, mama,” yule mtu alisema. “Ungekuja ile Jumapili, siku tatu mbele ya leo.”

“Mashini ya parokia… iko muzuri,” akasema. Hata pale alinitetea, kwa hewa ya kuazima.

Walinipima na mimi, nikakutwa na kirusi kilekile cha Korona kama yeye. Mimi ndiye niliyeambiwa na daktari kwamba kikinishika kitanishika vibaya. Nilikohoa siku nne, nikala vizuri, nikalala vizuri. Wale askari wenye hasira wa mwili wangu, nafikiri walikuwa hawajalipwa. Hatari niliyojigamba kwamba ni yangu ilinipita pembeni ikamkalia yeye. Aliwekwa kwenye mashine ya hewa siku kumi na tisa. Chumba changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na nilikaa na mgongo wangu umeegemea ukuta huo nikisikiliza mashine ikivuma. Ikibadilisha sauti, niliweka sikio ukutani. Niliogopa sana. Niliapa kwamba akitoka atausikia ukweli kutoka kwangu. Mungu sikumwita kuwa shahidi, niliona aibu.

Alitoka. Alikuwa mwembamba, mikono imebaki mifupa, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Munganga alisema mapafu yamepata makovu. Kutoka kitandani mpaka jikoni alipumzika mara mbili. Kwaya aliirudishia kikwembe chake cha uniforme, kimekunjwa na kupigwa pasi. Na mimi, niliyeapa, nilingoja siku ambayo atakuwa na nguvu kidogo, kisha nyingine ambayo atakuwa na nguvu zaidi. Yeye hakuniuliza kitu. Badala yake alimtumia ujumbe sekretere wa parokia, aibadilishe mashine ya mlango wetu haraka, isije ikadanganya bwana za watu wengine.

Ujumbe ule ndio ulionimaliza.

Shirika lilikuja kwetu kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Walijaa sebuleni na uani, wamama wakapika sambaza na mboga ya lengalenga, mke wangu akakataa kukalishwa, akawa anasaidia kupeleka sahani moja moja. Tulisali. Kisha prezida akaanza hotuba, akanisifu mimi, muzee aliyelinda mulango wetu wakati mgumu, mpaka kwake mwenyewe kukaingia majaribu. Watu wakapiga makofi. Nikasimama akiwa bado anaendelea.

“Sioni,” nikasema.

Nikaeleza yote, kwa mpangilio mbaya: padiri asiye na uso, Himbi, karatasi ya mistari, kidirisha. Nikasema namba zote nilizitoa kichwani, hata moja sikuisoma. Nikasema na ile ya mke wangu. Nilingoja wanilaani. Nilitaka wanilaani.

Badala yake mtu alicheka kidogo, kicheko cha upole.

“Kaa chini, muzee,” prezida akasema. “Ile tulijua.”

“Mulijua nini?”

“Ya kama hauonake. Tangu siku ile ulitusomea Isaya. Njo maana tulikuchagua.” Alikohoa, na alipoendelea alikuwa anazungumza kama mtu anayemweleza mgeni bei ya soko. “Muzee, unajua vile batu banaogopa santre. Tungeweka mutu wa macho, nusu ya shirika ingebakia inje, kama kwa mulango wa ule mwalimu. Tungekosa kuweka mutu, serikali inafunga kanisa. Tukaona weye njo utafaa. Mashini iko, mupima iko, na Mungu mwenyewe ataangalia.”

Nikauliza kama namba zangu waliziamini.

“Nani ataziamini?” mama wa kwaya akajibu. “Mwenye alijisikia mubaya alikuwa anabakia kwake, anakunywa dawa yake. Hakuna mutu alikuja kwako kujua kama ni mugonjwa, muzee. Tulikuwa tunakuja kusali.”

Wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu kabisa. Hata mtu wa riposte alijua, wakasema, ndiyo sababu alinishika bega. Walikuwa wananihurumia, nadhani, na walikuwa na njaa. Miezi yote ile nilikuwa nimejificha katika kichaka kisicho na majani.

Ndipo niliposikia sahani ikiwekwa juu ya meza. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilimtazama moja kwa moja nikaona doa, nikageuza macho kwenye fremu ya mlango, naye akaja kwa pembeni: kitambaa cha kichwa, mkono mwembamba umeshika ukuta.

“Mulijua bote?” aliuliza.

“Bote, mama,” prezida akasema, na hapo sauti yake ilipungua.

“Na hakuna mutu aliniambia.”

Wakatazama sahani zao. Mama wa kwaya ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua.

“Tulifikiri unajua, mama. Si ni bwana yako?”

“Ni bwana yangu,” alisema. “Njo maana nilimuamini.”

Maneno hayo machache yalimchukua pumzi tatu.